Mikono Kumi na Miwili ya Kulia

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Mzee, nakuuliza kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo utanijibu mzaha: watoto wa shule ile wamezaliwa na mkono mmoja? Nimefungua bunda la mashati uliloniachia, nimehesabu mara mbili. Miili kumi na miwili, kola kumi na mbili, mikono kumi na miwili. Yote ya kulia! Ya kushoto iko wapi? Kitambaa chake nimekikuta kimelala pale pale upande wa kushoto wa meza, hata chaki hujakigusa, na wewe umeshakunja futi yako ya kupimia umekwenda zako unapiga mluzi. "Nimemaliza." Umemaliza nini? Miaka thelathini na nane unapanga mikono ya kulia upande wa kulia, ya kushoto upande wa kushoto. Leo umesahau kwamba meza ina pande mbili?

Na ndevu umenyoa shavu moja. Kama ulitaka kunichekesha, sikucheka.

Daftari hili la vipimo ndimo tunamoachiana maagizo, wewe mkataji, mimi mshonaji. Basi lisome. Najua shule zinafunguliwa mwezi wa tano, lakini kazi ya nyumba hii haijawahi kulala nusu. Kesho kabla ya chai nataka mikono kumi na miwili ya kushoto juu ya cherehani yangu.

Jumanne, tarehe 5

Ameanguka na mkasi mkononi. Tuko hospitali. Mvua imeanza.

Alhamisi, tarehe 7

Nimerudi nyumbani kubadilisha nguo. Daftari lilikuwa bado liko wazi juu ya meza, na yale maneno yangu yananitazama.

Yuko hai. Anaongea. Anaongea kuliko mimi! Lakini mkono wa kushoto umelala kama soksi iliyolowa, na mguu wa kushoto hauna habari.

Daktari ni mwanamke mdogo kuliko binti yangu, ana sauti ya upole inayonitia wasiwasi, maana watu wakiniongelesha polepole najua kuna jambo. Alikunja ngumi zake mbili akaziunganisha, akaniambia, "Bibi, ubongo ni nusu mbili, zimekaa hivi. Nusu ya kulia inaamuru upande wa kushoto wa mwili. Nusu ya kushoto inaamuru upande wa kulia. Zinapishana."

Nikamuuliza, "Nani aliyezishona hivyo?"

Akacheka. Akasema mshipa umeziba nusu ya kulia. Kiharusi. Kuongea, kwa watu wengi, kunakaa zaidi nusu ya kushoto, na ya mzee nzima kabisa, ndiyo maana mdomo unafanya kazi. Lakini nusu ya kulia ndiyo hasa inayotupa macho kila upande, kulia na kushoto. Ikiumia hiyo, mtu anaweza kupoteza upande wa kushoto wa dunia. Macho yake yako sawa, ila ubongo hauendi huko kutazama.

"Na yeye anajua kwamba amepoteza?"

"Mara nyingi hajui."

Kisha akachukua kalamu. "Siku moja kabla ya kuanguka, mliona chochote? Labda aliacha kitu upande mmoja, au alijigonga?"

Mikono kumi na miwili. Shavu moja.

Nikasema, "Hapana."

Sijui ni nani aliyesema neno lile, lakini lilitoka mdomoni mwangu. Akaandika. Akasema, huwa wanasema hivyo wengi, bahati mbaya, kwa sababu ugonjwa huu saa za mwanzo ndizo za kuokoa.

Ile mikono nimeifunga kwenye mfuko, nimeuweka uvunguni. Mtu asiuguse.

Jumamosi, tarehe 9

Mvua.

Jumatano, tarehe 13

Leo nimemgombeza mbele ya wagonjwa saba. Nimempikia mwenyewe, nimebeba kwa miguu kwenye matope, naye kala nusu ya sahani. Nusu hasa, kama umeikata kwa wembe. Wali wa upande huu umekwisha, wa upande ule haujaguswa. Eti, "Mama watoto, umenipunja leo, bado nina njaa."

"Nimekupunja? Na hicho kilichobaki ni cha paka?"

"Kipi?"

Nikaona ananidharau. Nikasema mengi. Muuguzi akaja, akashika sahani, akaizungusha. Tu. Ile nusu iliyokuwa kushoto ikaja kulia. Mzee akafurahi: "Ahaa! Umeongeza!" Akala mpaka chini.

Nikatoka nje nikasimama chini ya mfereji wa paa, mvua ikinipiga kichwani, nikasema ni mvua.

Jumamosi, tarehe 16

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni mwanamume mnene wa makamo, viatu vyake vinalia kwi kwi. Mimi namwita Bwana Viungo. Aliuinua mkono wa kushoto wa mzee akauleta mbele ya uso wake.

"Mzee, huu mkono wa nani?"

"Wa kwako."

"Mikono yangu hii hapa miwili. Huu je?"

Mzee akatazama. Akafikiri. "Basi una mitatu. Ndiyo maana umepata kazi hospitali."

Wodi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikamtazama usoni. Alikuwa hatanii. Nimelala na mtu huyu miaka thelathini na nane, najua mzaha wake unapokaa. Bwana Viungo akanieleza kwamba ile nusu inayoongea haipati habari za mkono ule, na kwa vile kazi yake ni kueleza, inaeleza tu. Inatunga. Haiwezi kukaa kimya.

Nikasema, "Nina ndugu zangu wako hivyo na hawajaumwa kitu."

Jumatatu, tarehe 18

Mvua. Amelalamika nimekaa siku nzima bila kwenda kumwona. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake tangu asubuhi.

Ijumaa, tarehe 22

Tumerudi nyumbani. Anatembea kwa fimbo, mguu wa kushoto unafuata kwa shingo upande. Bega lake limegonga fremu ya mlango mara mbili.

Mwanangu wa kwanza amekuja na gari la kuazima. Bila kuniuliza amebeba meza ya kukatia, amebeba mkasi mkubwa, amefunga duka letu la ushonaji kwa kufuli.

"Mama, Baba na mkasi? Atajikata vidole na asijue ni vyake."

Akasema mwisho wa mwezi wa nne anatuhamishia kwake, duka anamrudishia mwenye nyumba. "Mtapumzika."

Mzee alikuwa anasikiliza kwa sikio la kulia. Akasema, "Nani anapumzika? Nina mashati kumi na mawili ya shule."

Mfuko uko chini ya kitanda alichokuwa amekalia.

Jumapili, tarehe 24

Amelifungua daftari hili! Nilikuwa bafuni, nikatoka nikamkuta nalo kwenye magoti. Nikafa pale pale. Lakini anapekua kurasa za kulia tu. Anafungua, anasoma vipimo vya kulia, anafungua tena. Kurasa za kushoto hazipo. Hata kule kulia anaanzia katikati ya mstari, halafu analalamika kwamba naandika upuuzi usio na mwanzo.

Sasa basi. Nimechana ule ukurasa wa hospitali, nimeubandika kwa gundi upande wa kushoto. Kuanzia leo yangu ya moyoni nayaandika kushoto. Ni kama kuwa na sanduku lisilo na kufuli na mwizi asiyejua kwamba kuna sanduku.

Jumapili, tarehe 31

Bwana Viungo anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki. Leo amenigombeza mimi! Eti namkalia mzee kulia.

"Bibi, kaa kushoto kwake. Ongea ukiwa kushoto. Kikombe weka kushoto. Akitaka kitu, ageuke akitafute. Ubongo unaweza kujifunza njia nyingine, lakini ukimrahisishia hautajifunza."

"Nikikaa kushoto hanioni."

"Ndiyo. Kaa hivyo hivyo."

Ni rahisi kwake kusema, anakwenda kwake saa kumi na mke wake anamwona. Mimi nimekuwa mtu wa kuonekana tangu usichana wangu. Nikipita, mtaa ulikuwa unajua. Leo nimekaa saa nzima karibu na mume wangu, goti langu limegusa goti lake, naye anaita kwa sauti, "Mama watoto! Uko wapi?"

"Niko hapa."

Akatafuta kulia. Akatafuta mlangoni. Akasema kwa huzuni, kama anazungumza na ukuta, "Ameniacha tangu niumwe."

Nikahama nikakaa kulia. Sikuweza. Bwana Viungo asijue.

Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa nne

Mvua. Paa linavuja juu ya cherehani. Nimeifunika.

Alhamisi, tarehe 11

Bwana Viungo amejua. "Bibi, macho yake hayafiki katikati. Bado umekaa kulia?" Nikasema umri umenisahaulisha.

Kisha akatoa karatasi, akachora mstari mwekundu ukingoni, upande wa kushoto. Akamwambia mzee, "Usianze kusoma mpaka uuone mwekundu. Tafuta kwanza mwekundu." Mzee akatafuta, shingo ikaenda, ikasimama, ikaenda, jasho likamtoka kama anasukuma gari. Akaupata. Akasoma mstari mzima tangu mwanzo wake, mara ya kwanza.

Nikasema, hicho tu? Mimi nina utepe mwekundu mita nzima! Jioni nimeshona utepe kwenye mkono wa kushoto wa kila shati lake. Nimeshona kwenye ukingo wa shuka, kwenye taulo, kwenye mkeka. Mjukuu wangu alipokuja akauliza kama nyumba ina sherehe. Nimeupigilia pia kwenye fremu ya mlango, upande ule anaougonga.

Kiti changu nimekirudisha kushoto. Nimefunga utepe kichwani.

Jumatano, tarehe 17

Kaniona saa nne asubuhi. "Kumbe uko hapo? Na hilo pambo?" Kisha kanipoteza tena mpaka chakula cha mchana.

Jumanne, tarehe 23



Nilitoka nyuma kuanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limekuja jeusi. Nilidhani ni dakika tano, kumbe nilikaa nusu saa. Niliporudi kiti kitupu, fimbo haipo, mlango wazi. Nikaita. Nikatoka getini. Mvua ikamwagika wakati ule ule.

Majirani wakatoka. Kila mtu akasema, atakuwa amekwenda dukani, na wote wakakimbilia kushoto, maana kutoka getini kwetu njia ya duka ni kushoto, nyumba nne, unakata kona. Mwanangu nikampigia simu, akasema, "Nilikuambia, Mama, nilikuambia," akakata, akaja. Majirani wakarudi wamelowa. Dukani hayupo, kufuli liko kama lilivyo.

Nikasimama getini. Akilini niliona barabara kubwa, niliona magari, nikaona mtu anavuka bila kujua kwamba kuna upande magari yanakotoka. Nikajipiga paja. Nikajiambia, mwanamke, acha kulia, fikiri. Mtu huyu hana kushoto. Akitoka getini anakwenda wapi?

Kulia.

Nikaenda kulia. Mwanangu akapiga kelele, "Mama, duka ni huku!" Sikugeuka. Nikafika kinu cha nafaka, pale njia zinagawanyika. Kulia. Nikafuata ukuta mrefu wa karakana mpaka mwisho. Kulia tena. Hapo nikaelewa, nikaanza kukimbia na magoti yangu haya: nilikuwa nauzunguka mtaa wetu wenyewe. Mtu anayekata kulia tu hafiki barabara kubwa. Anarudi alikotoka.

Fundi viatu, anayekaa chini ya turubai karibu na kona, akaniita. "Bibi, unamtafuta mzee? Amenipitia mara tatu! Mara ya kwanza kanisalimia, nikaitikia. Mara ya pili kanisalimia tena. Ya tatu nikadhani ananitania."

"Yuko wapi?"

"Yule pale anakuja, ya nne."

Alikuwa anakuja, amelowa mpaka mifupa, fimbo mbele, mguu unaburuta matope. Utepe mwekundu wa mkononi umechuja rangi, unamchirizika kwenye vidole, nikadhani ni damu. Nikamshika. Uso wake sijawahi kuuona hivyo, hata siku ya msiba wa mama yake.

"Mama watoto," akasema, "wameiba duka."

"Nani kaiba duka?"

"Halipo! Nimepita mara tatu. Kuna fundi viatu, kuna ukuta, kuna nyumba yetu. Duka halipo. Wamelibomoa."

Duka lilikuwa pale. Hatua sita. Lilikuwa kushoto kwake, mlango wa buluu aliopaka mwenyewe, na kufuli la mwanawe.

Ningeweza kumshika kichwa nikakigeuza. Ningeweza kumzungusha mzima kama ile sahani. Mkono ulishakwenda. Nikauzuia. Nikaenda kushoto kwake, mahali ambapo mimi sipo, nikasimama kwenye mvua mgongo wangu ukigusa mlango wa buluu.

"Geuka," nikasema.

"Uko wapi?"

"Geuka unitafute. Tafuta mwekundu."

Shingo ikaenda. Ikasimama. Akanitafuta kwenye fundi viatu. "Zaidi," nikasema. "Mimi sina haraka, nimeshalowa." Ikaenda tena. Fundi viatu alikuwa ameshika sindano hewani. Mwanangu alikuwa amefika, anahema, nikamnyooshea kidole asisogee.

Kwanza aliona utepe wa kichwani kwangu. Halafu mimi. Halafu mlango.

"Loo," akasema. "Kumbe walilihamishia huku."

Jumatano, tarehe 24

Hana homa. Nimemsugua kifua, nimemvisha soksi mbili.

Mwanangu alilala hapa. Asubuhi akafungua kinywa kusema habari za kuhama, nikamwambia, "Kaa chini. Mimi ndiye mwenye la kusema." Nikavuta mfuko uvunguni. Nikapanga mikono kumi na miwili mbele yake. Nikamwambia kila kitu: tarehe 4, ndevu za shavu moja, nilivyomgombeza, nilivyomdanganya daktari.

Akaigusa. Ni mtoto wa fundi, anajua mkono wa kulia akiuona. "Mama, kama ungempeleka siku ile..." Hakumaliza, na sikumwomba amalize. Mimi namaliza kila asubuhi.

Nikasema, "Jana ninyi wenye akili mlikimbilia kushoto. Nani aliyempata?"

"Wewe."

"Basi kwako hatuendi. Kule hajui hata ukuta mmoja, atazunguka mtaa wa watu mpaka afe. Jumamosi nirudishie meza. Na mkasi."

"Mkasi hapana, Mama."

"Mkasi utakaa kwangu. Atakata nikiwepo, na mkono wa kushoto utakuwa umelala juu ya kitambaa ambapo sote tunauona."

Jumamosi, tarehe 27

Meza imerudi. Nimebandika utepe mwekundu kwenye ukingo wote wa kushoto.

Jumatatu, tarehe 29

Bwana Viungo amesimama karibu tangu mwanzo mpaka mwisho, viatu havikulia. Mzee akachora kwa chaki. Mwili wa shati la majaribio, nusu. Akasema, "Nimemaliza." Nikasema, "Tafuta mwekundu." Akatafuta, akaona kitambaa kilichobaki, akatukana. Nimefurahi kusikia lile tusi. Kwa mara ya kwanza amekasirika kwamba kuna kitu hakukiona.

Ijumaa, tarehe 3 mwezi wa tano

Mvua inapungua. Mkono wa kushoto ulibonyeza kitambaa leo, vidole viwili. Nikamuuliza wa nani. "Wangu," akasema, "ila mvivu."

Jumatano, tarehe 8

Jana amekata mkono mmoja wa kushoto. Umepinda kidogo kwapani, nitauficha kwenye mshono.

Leo nimefungua daftari niandike, nikakuta chaki. Sio chaki, kalamu, ila mwandiko ni ule wake wa kuandikia vipimo, mkubwa, unashuka kama unateremka ngazi. Upande wa kushoto! Na ukingo wa ukurasa amechora mstari mwekundu mwenyewe, kwa rula. Ni ule ukurasa niliobandika, wa tarehe 7, pale nilipoandika kwamba nilimwambia daktari hapana. Chini yake kaandika:

"Siku ile kichwa kiliniuma tangu alfajiri na vidole vilikufa ganzi. Sikukuambia, ungenigombeza. Tumelingana."

Nimesoma mara nne. Nimekwenda uani nikakaa juu ya ndoo.

Hatujalingana, mzee. Ile siku moja niliyoipoteza nitaihesabu peke yangu. Lakini sasa unisikilize, na kwa kuwa nimeshajua unasoma huku, naandika huku huku makusudi, usinipe kisingizio. Kwanza, kichwa kikiuma unasema, nikikugombeza ugombezwe ukielekea hospitali. Pili, Ijumaa daktari anakuona, nami nitamwambia ukweli mwenyewe, wewe usinitetee. Tatu, mwalimu anataka mashati Jumatatu na mikono kumi na mmoja bado. Kesho baada ya chai uwe mezani. Unaanza kwenye mwekundu. Mkasi ninao mimi, nami nitakuwa nimekaa kushoto.

Geuka uuombe.